Mji wa Mabaraza

Mji huu ulijengwa na watu wanaopenda kuketi.
Kila mlango una mabaraza mawili, la kulia na la kushoto,
mawe yaliyolainishwa na makalio ya vizazi,
nami, Lali wa Shekue, mshona kofia wa Langoni,
napita wima kama askari wa forodha.
"Keti tini, Lali!"
"Nina haraka."
Miaka miwili nina haraka. Hakuna aliyeuliza naenda wapi.

Maumivu yangu yamejichagulia mahali pasipotajwa:
nyuma ya hili, mbele ya lile,
kaa la moto lililofukiwa mchangani, unalijua ukilikanyaga.
Usiku naamka mara tano.
Nasimama chooni, mkono ukutani, nangoja matone
kama mwenye ndoo kwenye bomba lililokatwa.

Muuza dawa alinong'ona "gono", akafunga vidonge kwenye gazeti.
Ami yangu alisema ni jini.
Mimi nilisema saratani, kimoyomoyo,
nikaandika wasia nyuma ya daftari la madeni:
kofia tatu za vito apewe Bwanadi, sindano arudishiwe mama.
Mwanaesha hakusema kitu. Alisogeza mto wake ukutani.
Nilidhani kanichoka;
yeye alidhani nina mtu Mpeketoni.

Kisha vidonge vingine, na vingine. Mkojo ukapimwa mara tatu.
"Hauna kitu," waliniambia, wakitabasamu.
Nilirudi nyumbani na hicho kitu ambacho sina,
nikalala nacho kifudifudi.

Yule kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitali,
Dhadho, mtu wa Garsen, mwenye viatu vilivyobanduka soli,
hakuniuliza nimelala na nani.
"Fumba ngumi," alisema. Nikafumba.
"Usiachie." Akaendelea kujaza mafaili yake.
Dakika zikapita. Vidole vikawaka, mkono ukatetemeka hadi kiwiko.
"Inauma?"
"Inauma."
"Ina mdudu?"

Nikaitazama ngumi yangu.
"Msamba wako," akasema,
akilitaja neno hilo kama mtu anayetaja bei ya nyanya,
"umefumba ngumi tangu lini?"

Nilijua tangu lini. Tangu kofia za mashine ziliposhuka sokoni
kwa robo ya bei yangu, nikashona kutoka alfajiri hadi usiku wa manane
nimekalia jiwe, meno yameumana,
na huko chini pia, kumbe, kuna meno.

Hakuniahidi kupona. Alinifunza kuachia.
Pumzi ishuke mpaka tumboni, na huko chini pafunguke
mfano wa kiganja cha mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Kila mstari wa vitobo ukiisha, nisimame.
Pilipili nipunguze, kahawa pia (hapo nilinuna).
Na nimwambie mke wangu.

Nilimwambia gizani. Neno moja: msamba.
Kimya. Kisha: "Ni hapo tu? Na mimi nishafunga nguo zangu!"
Akacheka mpaka akalia, akawasha jiko,
akanipashia maji ya kukalia kwenye karai la kufulia.

Alinishonea mto wenye tundu katikati,
duara, kofia isiyo kilele.
Jumatatu niliketi barazani kikombe kizima cha tangawizi.
Alhamisi kaa likarudi. Leo limetulia; kesho sijui.

Skanda karani amepita sasa hivi, wima,
mkono kiunoni. "Keti tini," nikamwambia.
"Nina haraka."
Nikasogeza mto.
"Skanda. Fumba ngumi."