Mikasi Kumi na Tisa

Saa kumi alasiri, chumba cha juu, Kuze,
feni inazunguka kama inayodaiwa.
Watoto tisa, saa yangu ya mkononi,
karatasi moja ya kisa cha paka.
Dakika moja. Soma. Mimi nahesabu.

Twaha Athumani, darasa la tatu:
maneno sitini, mikasi kumi na tisa.
Ndivyo tuitavyo alama ya kosa, mkasi,
vijiti viwili vilivyopishana,
na kalamu yangu nyekundu ilikata, ikakata,
bila kuuliza kitambaa ni cha nani.

Nikampeleka kwa wa silabi.
Ba be bi bo bu, pamoja na wadogo zake,
magoti yakigonga meza ya chekechea.
Wiki tatu. Hakulalamika.
Alama zake hazikupanda, hazikushuka,
zilikaa pale pale kama kigingi.

Usiku wa Jumatano nikamwaga fomu zote kitandani.
Nilichoka kusoma jumla.
Jumla ni kifuniko cha sufuria:
yakwambia kuna kitu, haikwambii kinachopikwa.
Nikafuata mkasi mmoja mmoja,
neno gani, mstari gani, mdomo ulitoka na nini.
Swafiya huruka mwisho wa mstari.
Mwinyi hukwama penye mbw na ng'w,
hushika pumzi kama anayevuka shimo.
Na Twaha?

Penye “njaa”, Twaha kasoma “ndaa”.
Penye “njia”, “ndia”.
Mchele, mtele. Macho, mato. Kichwa, kitwa.
Kumi na saba kati ya kumi na tisa.

Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.
Jikoni mamangu alikuwa akiniita,
“Ndoo ule, wali wapoa!”
na mimi, mwenye cheti cha ualimu ukutani,
nikanyanyuka kumwendea yeye,
sikuiendea ndoo ya maji.

Kumbe mtoto alikuwa akisoma.
Alilipokea neno mlangoni,
akalivua viatu, akaliingiza kwao.
Herufi aliziona zote.
Mimi ndiye niliyekuwa sizisikii.

Nikahesabu upya, kwa penseli.
Makosa ya kweli mawili:
“ng'oa” kalisoma “ngoa”,
na “vyombo” kalipita kama asiyemjua.
Hayo mawili ndiyo kazi yangu.

Alhamisi nikamhamisha, meza ya wasomao aya.
Goti likapata nafasi.
Nikamwambia: hapa pameandikwa macho, kwenu ni mato,
na yote mawili yaona.
Siku ya mtihani utalivaa hili,
nyumbani usilivue lile.
Akanitazama. “Na kwenu wewe, mwalimu, ni lipi?”

Nilijifanya natafuta chaki.

Fomu ya ofisini ina safu ya sahihi na safu ya kosa,
ya tatu haina.
Nimeichora mwenyewe pembeni kwa rula,
imepinda kidogo, yapita juu ya muhuri,
na kichwani pake nimeandika: Kwao.
Wakiniuliza, nitawasomea kwa sauti.

Swafiya bado aruka mwisho wa mstari.
Huyo, kesho, namwekea rula hiyo hiyo
chini ya maneno,
tuone anadondokea wapi.