Dobi wa Vyuo Viwili

Jumatatu ya Novemba, mwaka wa tisini na tatu, karne ikizeeka,
magunia mawili mlangoni kwa Delia Garrahan:
moja la chuo cha mlimani,
jingine la chuo cha ng'ambo ya mto.
Mpira wao, ule wa kukumbatia na kukanyagana,
hakwenda kuutazama. Wa nini?
Alifungua la mlimani,
makoti ya turubai yakamwangukia mikononi makavu:
jasho, vumbi kidogo viwikoni,
unywele mrefu wa manjano umenasa kwenye kamba za kifuani,
maana vijana wale hufuga nywele tangu Juni,
kofia yao ya vita ni hiyo tu.
Akakisia: hamsini kwa bila.
Ilikuwa hamsini na nne.

La ng'ambo halikufunguliwa, lilibanduliwa.
Tope na damu vimegandana kwa baridi.
Mkono mmoja wa koti haupo.
Ndani ya soksi, jino.
Alilifunga karatasini, akaandika kwenye hesabu:
makoti kumi na moja, soksi jozi kumi, jino moja.
Senti tano kila koti, la mshindi na la mshindwa.

Miaka sita mlimani hawajafungwa.
Matajiri hushuka kwa treni maalumu,
utepe wa buluu hadi masikioni mwa farasi,
na Cormac wake hulipwa kuwashika farasi hao.
"Wanajipanga kama kabari, mama,
wameshikana mikanda,
wanamwendea mtu mmoja mbio."
Kabari Delia aijua, marehemu mumewe alipasulia magogo.
Akauliza, bila kuinua uso kutoka kwenye beseni:
"Na gogo ni nani?"
"Prudden. Mwana wa mchungaji. Hakwepi."

Wapiganapo fahali wawili, husema watu, ziumiazo nyasi.
Delia amezifikicha nyasi hizo kwa magadi
hata kucha zikalainika.
Kama zaumia, hajui.
Ajua hazitoki.

Novemba iliyofuata, magunia mawili tena.
La mlimani jepesi, kama ada.
La ng'ambo, makoti kumi na moja;
moja limeshonwa jina kolani, E. Prudden,
kamba zake hazikufunguliwa, zimekatwa kwa kisu.
Akalitosa pipani pamoja na mengine.

Jumanne ikaja barua, mwandiko wa kike, wino umetapakaa:
koti la mwanangu, tafadhali, lisifuliwe.

Lilikuwa limelala majini usiku kucha.
Maji yalikuwa rangi ya chai.