Radi Kavu

Walinitoa tezi dume, kubwa kama kokwa la parachichi,
nikarudi Webuye na mpira wa mkojo
umeshikwa pajani kwa plasta,
chini ya suruali yangu ya Jumapili.

Wiki mbili. Kisha pedi.
Kijana wa duka la dawa akaniuliza,
"Za mtoto wa miezi mingapi, mzee?"
Nikamjibu, "Mia saba hamsini na sita."
Hakucheka. Aliyecheka ni Namalwa, nilipomsimulia,
hadi akaketi juu ya gunia la mahindi akijifuta macho,
nami nikamnunia siku tatu.

Si kicheko kilichonikera.
Ni kwamba yeye alikuwa bado mzima.

Nilifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka ishirini na tisa,
mashine ya pili, zamu ya usiku.
Siku mitambo ilipozimwa, sisi tuliozoea kulala ndani ya mngurumo
tulikosa usingizi kwa sababu ya kimya.
Ndivyo kilivyokuwa kitanda chetu.
Mkono wake ukija, nageukia ukuta
na kukoroma koromo la uongo,
nalo alilijua, maana koromo langu la kweli lina filimbi.

Sista Jeptanui, kule Eldoret, hakuwa na haya:
"Baba, finya pale unapozuilia mkojo,
hesabu hadi kumi, achia. Kutwa mara tatu.
Na kliniki ijayo uje na mama."
Nilifinya nikipalilia. Nilifinya kanisani,
wakati wa sadaka, nikihesabu sambamba na mweka hazina.
Vidonge vilinipa kichwa kuuma na uso wa moto, basi.
Ile pampu ya plastiki tuliikagua mezani, karibu na taa,
Namalwa akaigeuza, akaigeuza tena, akasema,
"Hii ingetufaa kisimani."
Hapo ndipo nami nilipocheka.

Ulikuwa mwezi wa kumi tangu kisu.
Alinikuta nimeshika kiuno kwa kupalilia,
akaniambia lala, akaleta samli ya mkebe.
"Leo hatuna tunakokwenda," akasema,
"kwa hiyo hatutachelewa."

Akaanza na nyayo.
Vile vidole vilivyopukuchua wimbi miaka arobaini
vikapanda, vikafika kwenye kovu chini ya kitovu,
havikuliruka.
Nami nikamrudishia: shingo, kwapa, goti kwa nyuma,
vituo ambavyo katika miaka thelathini na minane ya haraka
nilivipita tu nikipunga mkono.
Nikamsikia anavuta pumzi, akaniita
kwa jina la nyumbani, lile ambalo siku hizi
hulitumia akinigombeza.

Chini kule kitu kilisimama nusu,
kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua.
Tukamwacha aketi.
Na bado ikaja. Ikatokea visiginoni,
ikapanda uti wa mgongo taratibu,
ikanipasukia kifuani, mabegani, masikioni,
radi ya milima ya Chetambe,
radi bila tone la mvua.

Nikalala nikitetemeka, nikiona haya.
"Hakuna kilichotoka," nikamwambia.
Akalipapasa shuka gizani, polepole, pembe hadi pembe,
kama mtu aliyeangusha sindano.
"Vizuri," akasema. "Kesho sifui."

Nililia kidogo. Aliniacha nilie,
mguu wake umelazwa juu ya wangu,
mzito, wenye samli.

Asubuhi nikavaa pedi, nikamfungulia ng'ombe.
Nikasimama penye ua, nikafinya,
nikahesabu: sita, saba, nane,
naye akapita na ndoo kichwani,
akanigonga kwa nyonga, makusudi,
nikapoteza hesabu.