Gego la Chini, Kushoto

Lilitoka Jumatatu, saa nne asubuhi,
Daktari Geddes ameegemeza goti kwenye kiti
kama mtu ang'oaye kisiki.
"Utasikia mgandamizo tu," alisema. Nikasikia
taya zima likihama nyumba.
Akanionyesha: mizizi miwili, mmoja umepinda
kama kidole kinachoita.
Sikulichukua. Nilikuwa nalo tangu darasa la saba,
limetafuna nami mengi, hata maneno.

Kisha pamba, kisha karatasi ya masharti:
usisukutue leo, usinywe kwa mrija, usiteme kwa nguvu.
Basi likanipandisha Hilltown
na mate yenye ladha ya chuma, nusu ya uso si yangu.

Mimi mkalimani. Mdomo ndio jembe langu.
Siku tatu simu za hospitali ziliita, nikaziacha ziite;
nikanywa uji wa vuguvugu kwa kijiko cha mtoto,
na ulimi, mmbea yule asiye na mfupa,
ukaenda pengoni, ukarudi, ukaenda,
kama jirani aliyesikia kuna msiba.

Usiku wa nne maumivu yakaja yenyewe,
bila hodi. Si ya jino, jino halipo:
ya mahali pake. Yakapita sikioni,
yakapanda kipajini, yakaweka kambi.
Saa tisa za usiku nimesimama dirishani,
shavu kwenye kioo baridi,
mto Tay hauonekani, taa za daraja tu,
na shakwe juu ya dohani la jirani
akinicheka.

"Kutoka moja hadi kumi?" akauliza Daktari Geddes.
Swali hilo nimelitafsiri mara elfu.
Mama mmoja wa Uvira aliniambia
tumboni mwake kuna mtu anapura maharagwe;
nikageuka, nikasema, "Nane."
Leo zamu yangu, na sina mtu wa kati.
Nikasema, "Nne." Machozi yakanichongea.
Akaandika tisa.

Akasafisha tundu, mfupa ukapiga yowe,
akalishindilia utepe uliolowa dawa ya kahawia,
na mara harufu.
Karafuu.
Karafuu, Dundee, mwezi wa Februari!
Utotoni, Mtambwe, niliichukia:
kuchambua makonyo hadi usiku, kucha nyeusi,
nikaapa nitakwenda nchi isiyonuka hivi.
Kumbe imenifuata, ndani ya kichupa chenye kibandiko,
na kabla sijafika mlangoni
imelinyamazisha taya.

Wiki ya tatu nyama imeziba,
laini kama ufizi wa kichanga.
Wameniuliza kama nataka la bandia. Nasita;
wahenga wamekwisha kusema juu ya jino la pembe.
Natafunia kulia.

Jana simu ikalia: mzee, goti, moja hadi kumi.
Akasema goti lake hujua mvua
kabla mbingu haijajua.
Nikayapeleka hivyo hivyo, na mvua yake.
Upande wa pili, kimya kirefu.
Kisha kalamu.