Mlango wa Nyuma, Mahakama ya Oulu

Kwanza nilikuonyesha choo.
Kisha mlango wa nyuma, na kitufe cha mashine
kinachotoa kahawa ya moto kweli.
Hayo ndiyo ninayoyajua, Marjukka.
Sheria anaijua wakili.

Nje digrii ishirini chini ya sifuri
na wewe umekuja na glavu moja.
Nyingine, ulisema, ilibaki kwake,
kwenye ndoano karibu na jiko,
mwaka wa pili sasa inaning'inia
kama mkono unaoomba ruhusa ya kusema.

Alipopita na viatu vyake vilivyong'arishwa
nilisogeza kiti tu.
Bega langu likawa pazia.
Ulikuwa ukihesabu vigae vya sakafu, nami nikahesabu nawe;
tukapishana kwenye arobaini na moja,
ukacheka, mara moja, kama kikohozi.

Wakili wake aliuliza mbona hukupiga kelele.
Sikuruhusiwa kujibu.
Nimeizoea kazi hii ya kumeza,
lakini leo jibu lilinikwama kama mwiba wa samaki
hadi niliposikia sauti yako:
"Nilipiga. Ndani kwa ndani. Miaka saba."

Karani akaandika. Nilimwona akiandika.

Hukumu itakuja kwa barua, siku yake.
Sitakudanganya kwamba itakuponya.
Saa tisa alasiri, giza tayari,
tulisubiri basi namba tano,
mkono wako mtupu
ndani ya mfuko wa koti langu.
Hukuutoa mpaka basi lilipofika,
wala mimi sikusema neno.