Rasimu ya Sita

Saa sita na robo za usiku, Duluth.
Theluji imefunika gari mpaka vioo,
nami niko jikoni, soksi mbilimbili miguuni,
najieleza kwa watu saba wanaonijua.

Nafasi: Mkurugenzi Mtendaji.
Sifa: uzoefu wa uongozi, miaka kumi au zaidi;
uwezo wa kuchangisha dola milioni mbili kwa mwaka;
maono.
Hapo kwenye maono nimekwama tangu Jumanne.

Miaka kumi na mmoja nabeba funguo za ofisi ile.
Najua bomba lipi hulia likipata joto,
najua printa haitoi karatasi mpaka uipige kofi la ubavu,
najua nani kwenye bodi husinzia baada ya chakula
na nani hujisinzisha ili asipige kura.
Hayo hayana kisanduku kwenye fomu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi mimi ni kipi,
ninayejitembeza usiku huu na viambatisho vitatu?

Bernadine amenitumia ujumbe: *Acha kuandika tulifanya.
Andika nilifanya. Yule wa Washington hana wingi hata mmoja
kwenye barua yake, nakuhakikishia.*
Nikapita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu.
Tuliandikisha: niliandikisha.
Tulishinda kesi ya kaunti: nilishinda.
(Wakili alikuwa Odell. Mimi nilileta kahawa,
na majina mia tatu ya watu waliofutwa daftarini.)
Silabi moja tu.
Ajabu, nyumba inavyopoa ukiitoa.

Mama alikuwa katibu wa chama kiwanda cha karatasi,
miaka kumi na tisa ya kumbukumbu za vikao,
na mimi sijaona humo "nimesema" hata moja.
Alikufa na deni la meno.

Swali la tatu: Taja ushindi wako mkubwa kuliko wote.
Nimeandika: wapiga kura wapya elfu nne mia sita na tisa.
Kweli kabisa. Nilizihesabu fomu, mate kidoleni.
Lakini kichwani amekaa Toivo Sjoblom,
miaka themanini na miwili, nyumba ya magurudumu nje ya Cloquet.
Alifungwa ujanani, akaambiwa kura hana tena.
Kifungo kikaisha, haki ikarudi,
asirudi mtu wa kumwambia.
Nilimpeleka kwa gari langu. Alivaa tai.
Alikaa kibandani dakika ishirini, foleni ikanung'unika,
akatoka, akaniuliza:
"Ndiyo hivyo tu?"
Ndiyo hivyo tu, nikamwambia.
Akalia njia nzima. Nikapandisha sauti ya redio
asije akaona haya.

Mshahara unaotarajia.
Nimeandika tarakimu, nikaifuta.
Nikaandika ndogo zaidi, nikaona mama ananitazama
kwa mdomo uliofumbwa.
Nikairudisha ya kwanza. Nikaongeza elfu nane.

Saa nane kasoro. Katapila la theluji limepita barabarani
likaziba mlango wa uwanja niliouzoa jioni,
kiuno bado kinanidai.
Watauliza: utaweza kumpigia tajiri simu
umwombe laki moja bila sauti kutetemeka?
Sijui. Nimewahi kumwombea mtu blanketi kwa polisi.
Nimewahi kumwomba Lorraine, huyu anayestaafu,
akubali kosa mbele ya wafanyakazi, akakubali,
tukafunga mlango, akanilaani hadi saa kumi na moja.

Nimerudi swali la tatu. Nimefuta ile elfu nne.
Nimemwandika Toivo, na tai yake, na foleni,
na Odell aliyeipekua sheria, na Bernadine aliyelipia mafuta.
Tulimpeleka, nimeandika. Tu.
Kisanduku kimejaa kabla sijamaliza,
kikanikatia sentensi katikati ya neno:
*akauliza ndiyo hi*

Nimebonyeza Tuma hivyohivyo.
Koleo liko nyuma ya mlango.
Kesho saa mbili kuna kikao cha bajeti,
na funguo ninazo mimi.