Ninampelekea Nani Isale

Ukurasa wa arobaini na moja umetoboka.
Nimeufuta mpaka mwanga wa taa ukapita upande wa pili,
kisa herufi moja, y iliyolegea mkia,
kwenye daftari ambalo halisahihishwi na mtu.

Moko imerudi: pointi tisa.
Darasa zima wananipa mkono, Mwalimu Kisanga
amenunua soda, ameandika jina langu ubaoni,
NDEALILIA, kwa chaki ya njano.
Mimi naziona mbili tu, zile zilizozidi saba.
Zimenikaa kooni kama mwiba wa perege.

Usiku nalala na mlinzi ndani ya kichwa.
Anazunguka na tochi.
Anamulika swali la sita, pale nilipojumlisha
badala ya kutoa, anauliza:
na hapa, ulikuwa wapi?
Mvua ya vuli inapiga bati. Nyuma ya jiko letu, hapa Uru,
maji ya mfereji yanateremka kuelekea Moshi mjini.
Hayana haraka, hayajasomea, yanafika.

Jana Anaeli, mdogo wangu wa darasa la tatu,
alikosea saba mara nane, mara nne mfululizo.
Hamsini na nne, akasema. Kisha sitini. Kisha akalia.
Nikampangusa kamasi kwa upindo wa kanga,
nikamwambia: kichwa kimechoka, si kibovu.
Kachukue ndizi, urudi tuhesabu kwa maharage.

Sauti ile ilitoka wapi?
Nimeitafuta usiku chini ya mto wangu, haipo.
Huwa naigawa yote nje,
kama mpishi wa msiba anayebaki na ukoko.

Nilipokuwa na miaka minane nilivunja
chungu cha mbege cha Mama Eliaichi, jirani wa ng'ambo ya mfereji.
Mama hakunipiga. Alikata isale mpakani,
akalifunga fundo, akanipa: mpelekee.
Nikaenda nimelishika kwa mikono miwili,
magoti yakigongana.
Akalipokea. Yakaisha.
Huku kwetu aliyeletewa isale hakatai,
hata kama pombe imeshanywewa na udongo.

Leo alfajiri, kabla ya karatasi ya hesabu,
nimekata moja. Nimelifunga fundo.
Nikasimama nalo mpakani kama mwehu,
umande ukiloweka soksi nyeupe nilizofua mara mbili.
Ninampelekea nani?
Aliyekosewa ni nani humu, na mkosaji ni nani,
maana wote wawili wamevaa sketi hii hii
na wote wawili hawajanywa chai.

Nikalikunja, nikalitia ndani ya mkebe
kati ya kipimapembe na bikari.

Mlangoni msimamizi akaufungua.
Hiki nini?
Jani, nikasema.
Akaligeuza upande huu na huu, kutafuta maandishi.
Akaliona fundo. Akanitazama usoni
muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu,
akalirudisha, akaufunga mkebe polepole:
pita, mama.

Swali la kumi na moja sikulijua.
Tochi ikawaka. Kiganja kikalowa, karatasi ikanata.
Nikaandika nilichokuwa nacho, mstari mmoja na nusu.
y yangu ikalegea mkia.
Ufutio ulikuwa pale, karibu na kidole.
Nikaiacha.

Nisidanganye: wakati wa kurudi nilihesabu alama.
Nilizihesabu mara tatu kabla sijafika Rau Madukani,
na kila mara zilikuwa chache zaidi.
Mara ya nne nikasimama kando ya barabara,
nikafungua mkebe. Isale limeanza kunyauka ukingoni,
fundo bado limekaza.
Nikajisemea, taratibu, wapita njia wasije wakasikia:
Ndea, kichwa kimechoka.
Kachukue ndizi.